Majembe Matatu kwenye Bani la Mvinyo

Mgeni akiingia kwenye bani la Tekla Chibago hapa Goweko, kitu cha kwanza anachouliza si mvinyo. Anauliza majembe. Yapo matatu, yametundikwa kwa misumari ukutani juu ya mapipa, mahali ambapo mtu mwingine angeweka kalenda au picha ya mtakatifu. Tekla hujibu, "Ni hongo hiyo," kisha huendelea kumimina. Mgeni hubaki ameduwaa, maana hongo anayoijua yeye haitundikwi mbele za watu.

Mimi naitwa Suzana, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, katibu wa parokia yetu na jirani wa Tekla kwa miaka kumi na tisa. Naandika habari hizi kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya. Wako wanaosema Tekla alibahatika. Wako wanaosema paroko alimhurumia kwa kuwa ni mjane. Bahati! Natamani na wao wapewe bahati ya kupogolea mizabibu mia tatu wakiwa na baridi yabisi kwenye vidole, halafu waje tuzungumze.

Tekla ni Mgogo wa Hombolo, kule Dodoma, ambako zabibu ni zao kama tumbaku ilivyo zao kwetu. Baba yake alikuwa na ekari moja ya zabibu nyekundu, na Tekla alijua kupogolea kabla hajajua kusoma. Akaolewa na Benjamini, kijana wa Goweko aliyekuwa kwenye genge la reli, Mnyamwezi mpole asiyejua kusema hapana. Siku walipohamia huku walipanda treni na masanduku mawili na gunia moja la katani, limelowa chapachapa. Ndani ya gunia mlikuwa na vipando arobaini vya mizabibu. Benjamini alikuwa akishuka kila stesheni na kopo kulimwagia maji gunia lile, na abiria wakadhani amebeba samaki.

Kijiji kizima kilicheka. Goweko ni nchi ya tumbaku. Kila kaya ina bani lake, kile kijumba kirefu cha matofali cha kukaushia majani kwa moshi wa kuni, na mtu asiye na bani alionekana kama hana akili ya maisha. Zabibu? Katika udongo huu? Nilicheka na mimi, tena kwa sauti, na elimu yangu yote. Katika vipando arobaini vilishika kumi na kimoja tu. Mwaka uliofuata Tekla alikata vipando kutoka kwenye vile kumi na kimoja, akaotesha, na mwaka mwingine hivyo hivyo, hadi ekari nzima ya mumewe ikajaa nguzo, waya na mizabibu iliyofika kifuani. Miaka yote hiyo walikuwa wakila zabibu zenyewe, wakigawa kwa majirani, na Tekla akikamua kidogo kwenye ndoo kwa ajili ya kujifunza tena kazi aliyoiona kwa baba yake.

Benjamini akafariki. Aliugua mapafu, akalazwa hospitali ya Kitete, akarudi akiwa kwenye jeneza. Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao juu ya lile shamba.

Hapa lazima niwatambulishe mashemeji wawili. Mkubwa ni Bernardo, mrina asali, mzee mrefu mwenye makovu ya nyuki mikononi na ahadi chache mdomoni, maana akishaahidi hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Mdogo ni Nestory, mkulima wa tumbaku, mtu wa haraka. Nestory alisema wazi kwamba shamba ni la baba yao, mizabibu ni maua ya kupamba, na tumbaku inasubiri ardhi. Watu wakamgeukia Bernardo. Alifikiri sana, kisha akasema, "Tekla atapewa mavuno matatu. Mavuno ya tatu yakiisha na hajapata mtu wa kuuchukua mvinyo wake kwa uhakika, nitaing'oa mizabibu hii kwa jembe langu mwenyewe, na yeye tutampa kipande cha nyuma ya nyumba alime karanga."

Nilimshauri Tekla aende baraza la kata. Mjane ana haki yake, sheria ipo, na mimi ningemwandikia barua. Alinitazama kwa upole kama natoka usingizini.

"Mwalimu," akasema, "nikishinda barazani nitabaki na shamba bila ndugu. Nani atanizika?"

Basi akayachukua mavuno matatu.

Mavuno ya kwanza yalimwaibisha. Alikuwa amelisafisha bani ambalo Benjamini alilirithi kwa baba yake akaliita nyumba ya mvinyo, na kwa kweli ndani mlikuwa na ubaridi mzuri. Lakini bani lililokausha tumbaku miaka ishirini halisahau. Mvinyo ulipofunguliwa ulinuka moshi na kisigara kilicholowa. Padri Xavery, paroko wetu, alionja akakohoa kistaarabu, akasema, "Una nguvu." Tekla alirudi nyumbani akachukua panga, akakwangua kuta zote mpaka kwenye tofali, akapaka chokaa mara tatu, halafu akayaacha madirisha wazi kwa miezi mitatu. Mikono ilimchubuka. Mavuno ya pili pipa lilipitisha hewa kwenye mfuniko, mvinyo wote ukawa siki, na mwaka ule sisi majirani tulikula kachumbari kuliko kawaida.

Likabaki moja. Msimu huo ndege walishambulia shamba, na Tekla alishinda humo tangu alfajiri akipiga debe, sauti ikamkauka. Alichookoa Machi kilijaza pipa moja tu la plastiki, lita mia mbili. Lakini zabibu zenyewe! Nyeusi, ndogo, ngozi nene, ukizibonyeza zinatia mkono rangi isiyotoka kwa siku tatu. Alizichambua moja moja. Akaziponda kwa miguu iliyosuguliwa, akaziacha na ngozi zake zichachuke, akawa anazishindilia chini kwa mwiko wa mninga asubuhi na jioni, kisha akachuja machicha na kuuhamishia mvinyo kwenye pipa safi. Kwenye mfuniko alipitisha mpira mwembamba, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa ya maji. Mvinyo ukipumua, mapovu yanapanda kwenye chupa. Ukimaliza kazi yake, mapovu yanakoma. Hicho ndicho kipimo chake, na mimi niliyefundisha sayansi miaka thelathini sikuwahi kutengeneza kifaa kilichonyooka hivyo.

Mwishoni mwa Aprili mapovu yakakoma. Padri Xavery akaja, nami nikiwepo, na Bernardo pia kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Tekla akamimina kidogo kidogo. Mvinyo ulikuwa mwekundu wa kuiva, mkavu, unaobana ulimi kisha unauachia taratibu, na mwisho unaacha harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Padri alifumba macho. Akasema mwaka huu parokia inatimiza miaka hamsini, na jubilei itaadhimishwa Pentekoste, na askofu atakuja. Mvinyo huu ukikaa hivi hivi, ataomba kibali utumike altareni siku ile, na baada ya hapo parokia na vigango vyake vyote, yale makanisa madogo ya vijijini, vichukue kwa Tekla.

Vigango kumi na viwili! Huyo ndiye mtu wa kuuchukua kwa uhakika, na hakuna mwenye uhakika kuliko Kanisa.

Bernardo naye akaonja. Uso ukamkunjamana kama aliyetafuna kwinini.

"Shemeji," akasema polepole, "huu umekosa nini?"

"Haujakosa kitu, mtani."

"Ndiyo unavyokuwa? Mbele ya askofu?"

"Ndiyo unavyokuwa."

Bernardo akatikisa kichwa, akaondoka bila kumaliza kikombe. Nilidhani amechukia. Sikujua kwamba alikuwa amepata wasiwasi wa mtu anayempenda mwenzake.

Neno hilo *mtani* nisilipite hivi hivi. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wapagazi, wakipita na pembe mabegani kutoka huku hadi pwani, na njiani ilikuwa lazima wapite Ugogo. Wagogo waliwatoza hongo, ule ushuru wa njia, hata kwa maji ya kisima, na mara nyingi Wanyamwezi walilipa kwa majembe ya chuma waliyoyafua wenyewe. Ugomvi ule ukageuka utani. Tekla na Bernardo walitaniana asubuhi hadi jioni: yeye akimwita Bernardo mbeba mizigo, na Bernardo akimwita yeye ombaomba wa kisimani. Na utani una sheria zake. Mtani hakasirikiwi, afanye atakalofanya. Na kitu alichokinyakua mtani mbele za watu hakidaiwi.

Siku tisa kabla ya Pentekoste nilikwenda banini na Tekla kuchota chupa ya kumpelekea paroko. Nilionja kwanza, maana ukatibu nao una faida zake. Nikashangaa. Ule ubanaji umepungua, umelainika, utamu umekuja kwa mbali.

"Tekla!" nikasema. "Hapa sasa umefika!"

Alikuwa akiitazama ile chupa ya maji. Povu moja lilipanda. Likafuatwa na jingine. Pipa lililokuwa limetulia mwezi mzima lilikuwa linapumua upya. Tekla akaonja, akatema mkononi, akainama kwenye mdomo wa pipa na kupitisha kidole. Kidole kikatoka na kipande cha nta, chembamba cha rangi ya majani makavu. Akakaa juu ya kreti.

"Mwalimu," akasema, "kuna mtu amenipenda vibaya."

Hapakuwa na haja ya kumtafuta. Goweko nzima mrina asali wa kuingia nyumba ya Tekla bila kubisha hodi ni mmoja. Na ukitaka kumwelewa lazima uwe wa huku. Kwetu asali haiharibu kitu. Mtoto akikohoa, asali. Kidonda, asali. Chai, uji, mgeni wa heshima, bibi harusi, vyote asali. Ukimwambia Mnyamwezi kuna kitu ambacho asali itakiharibu, atakuona umetoka mbali. Lakini mvinyo wa misa una sheria yake: uwe tunda la mzabibu peke yake, bila kuchanganywa na kitu chochote.

Tulikwenda kwake pale pale. Bernardo alikuwa nje akisuka kamba za kufungia mizinga yake ya magome. Akatuona, akatabasamu, akamsalimu Tekla kwa Kigogo kama kawaida yake.

"Mbukwenyi, ombaomba!"

"Mwangaluka, mbeba mizigo," Tekla akamjibu kwa Kinyamwezi. Sauti yake haikutetereka.

"Mmeonja?"

"Tumeonja."

Mzee akacheka kwa furaha, mikunjo yote usoni ikajipanga. "Nilikuja Jumamosi ukiwa jumuiyani. Nimeweka galoni nzima, ile ya nyuki wadogo, niliyokuwa namwekea binti yangu. Nikasema siwezi kukuacha uaibike mbele ya askofu na maji makali vile. Sasa Nestory hana la kusema. Shamba ni lako!"

Tekla akamweleza. Alimweleza pole pole, kama unavyomweleza mtoto habari za msiba, bila neno kali hata moja. Nilimwona Bernardo akiacha kamba, kisha akishika kichwa kwa mikono miwili. Hatimaye akanong'ona:

"Nani anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi tunyamaze. Padri hatatambua. Shemeji, shamba litaondoka! Niliahidi mbele za watu!"

Na sasa niseme la kwangu, nikiwa na aibu. Mimi, katibu wa parokia, ndiye niliyemuunga mkono. Nilisema haikuwa kwa ubaya. Nilisema galoni moja ndani ya lita mia mbili ni kitu gani. Nilisema Mungu anajua nia.

"Anajua nia," Tekla akasema, "na asali anaijua pia."

Kesho yake asubuhi alivaa kitenge cha Jumapili akaenda parokiani. Nilimsindikiza kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani na nafsi yangu.

"Shikamoo, baba paroko."

"Marahaba, mama Tekla. Umeniletea chupa yangu?"

"Sikuileta, baba. Mvinyo umetiwa asali. Haufai."

Padri Xavery akauliza nani ametia. Tekla akajibu, "Mtu wa nyumbani," akafunga mdomo hapo. Padri akaeleza, kwa huzuni ya kweli, kwamba hawezi kuutumia, na kwamba asingeambiwa, asingejua kabisa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, akasema, na mavuno yajayo ataonja tena.

"Mavuno yajayo si yangu, baba," Tekla akasema, akaaga.

Njiani hakulia. Nililia mimi. Nililia kwa hasira, ile hasira ya kumwona mtu amepoteza kila kitu kwa sentensi moja aliyoisema kwa hiari, na ya kujua kwamba mimi nisingeisema.

Pentekoste ikaja, na mvinyo wa misa ukaletwa kutoka mbali kama siku zote. Tekla aliketi mahali pake, benchi la tatu, akaimba sauti ya pili bila kukosea. Kwenye karamu alilitoa lile pipa la asali, watu wakanywa wakasifu, wengine wakaimba. Bernardo peke yake hakuligusa. Alikunywa maji.

Julai akaja na jembe.

Alikuja na Nestory na wazee wawili wa ukoo wa kushuhudia, na nusu ya kijiji ikafuata kwa udaku. Mizabibu ilikuwa imepogolewa, macho mapya yakianza kuchungulia kwenye matawi. Tekla alikuwa amesimama kwenye mwingilio wa shamba, mahali njia ya mguu inapopita.

"Shemeji," Bernardo akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa, "ahadi ni deni. Niliahidi mbele za watu."

"Najua. Pita tu. Lakini hapa unapita kwa nani?"

"Kwa Tekla."

"Tekla wa wapi?"

Bernardo akamtazama. "Mgogo," akasema.

"Basi!" Tekla akanyoosha mkono akalinyakua jembe. "Mnyamwezi akipita kwa Mgogo analipa hongo. Waulize babu zako!"

Mzee mmoja wa ukoo akaanza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, mpaka akalazimika kuketi chini. Kicheko kikasambaa. Nestory akapiga kelele kwamba huu ni mchezo, jembe lirudishwe. Wazee wakamkatalia. Mtani amenyakua, mbele za watu, mchana kweupe. Tangu lini mtu akamdai mtani? Bernardo akageuka akarudi nyumbani mikono mitupu, na Tekla akaenda banini akapigilia msumari.

Baada ya wiki mbili akarudi na jembe la pili, la zamani kidogo, kwa kuwa Nestory hakumwacha apumue. Watu walikuwa wengi zaidi. Tekla alikuwa pale pale kwenye mwingilio. "Hongo!" Jembe likaenda msumarini. Wakati huo mizabibu ilikuwa na majani ya ukubwa wa kiganja.

Mara ya tatu ilikuwa katikati ya Agosti, vichala vikiwa tayari vimening'inia, vya kijani, vigumu. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, kwa hiyo niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mtu akienda shambani huweka jembe begani, au hulishika mpini. Bernardo alikuja amelishika kwenye chuma. Mpini ulikuwa mbele, umeelekezwa kwa Tekla, na alipomkaribia aliunyoosha kidogo tu, kama mtu anayempa mwenzake kitu mezani. Ndipo nikaelewa. Mzee huyu hakuweza kuvunja ahadi yake, na hakuweza kuishi baada ya kuitimiza. Tekla alikuwa amempa njia ya tatu, naye alikuwa anaipita kwa moyo wote.

"Hongo," Tekla akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Chukua, mtani," Bernardo akajibu.

Nestory alikuwa haoni kichekesho tena. "Kaka, azima jembe la jirani tumalize!"

"Nilisema kwa jembe langu mwenyewe," Bernardo akasema. "Wewe ulikuwepo. La jirani si langu, na mimi sina jingine."

Wazee wakatikisa vichwa wakakubali kwamba ndivyo alivyosema. Nestory akaenda zake. Mpaka leo ananung'unika, na mimi simlaumu sana, maana ana watoto saba na tumbaku inataka ardhi. Lakini hakurudi.

Septemba tukachuma tena, maana mizabibu ya huku huzaa mara mbili kwa mwaka. Safari hii ndege hawakuthubutu, kwa sababu Bernardo mwenyewe alikuwa akishinda shambani na debe. Mapipa yalikuwa matatu. Nilimwambia Tekla anunue kufuli la bani, na aliniangalia kwa mshangao.

"Nikifunga kufuli nitakuwa nimemkasirikia mtani," akasema. "Ni mwiko."

Kwa hiyo bani likakaa wazi wiki nane, na mimi sikulala vizuri hata wiki moja. Kila nikipita naangalia ile chupa ya maji. Mapovu yakapungua, yakakoma, hayakurudi. Katikati ya Novemba Padri Xavery akaja, akaonja pipa la kwanza, la pili, la tatu. Bado ni mchanga, akasema, lakini ni safi. Kibali kilikuja, na Jumapili ya kwanza ya Majilio mvinyo wa Goweko ukapanda altareni, mwekundu ndani ya kikombe, kutoka kwenye udongo ambao sisi wote tuliapa hautoi kitu ila tumbaku. Tekla alikuwa benchi la tatu. Wakati wa mageuzo, padri alipokiinua kikombe, aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika, na hapo ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika Benjamini. Nampenda mwanamke huyu na sioni sababu ya kulificha hilo.

Wiki ile ile Bernardo akawaambia wanaukoo kwamba suala la shamba limekwisha, na kikao hakikuitishwa tena.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Zilipoanza, zilianza kwa fujo, na asubuhi yake kila mtu alikuwa shambani kwake kupanda mahindi. Nilikuwa kwa Tekla nikichambua mbegu Bernardo alipotokea mlangoni, amevua kofia, miguu ina matope.

"Mbukwenyi."

"Mwangaluka. Mbona hupandi?"

Mzee akakohoa. "Shemeji, nilikuwa naomba uniazime jembe."

"Jembe gani?"

"Lile la kati. Linanikaa mkononi."

Tekla alijitahidi kukaza uso akashindwa. Akaingia banini, akalitungua, akampa. "Lirudi jioni," akasema. "Hilo ni mali ya Wagogo."

Jioni likarudi, limeoshwa. Bernardo alilitundika mwenyewe kwenye msumari wake, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama limenyooka. Na ndivyo anavyofanya kila msimu tangu hapo: huja kuliazima asubuhi, hulirudisha jioni, na hajawahi kununua jingine. Siku ile Tekla alimwekea kiti karibu na mapipa, akammiminia kikombe cha mvinyo mwekundu, na pembeni yake akaweka kibakuli cha asali na kijiko.

"Tia kwenye kikombe chako, mtani," akamwambia. "Pipa liache."

Bernardo akatia vijiko viwili, akakoroga, akanywa mpaka mwisho. Kisha akaomba kingine.